Udaktari Mara Tano

Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, nilichomoa waya wa mashine ya kopi ikiwa katikati ya kazi. Karatasi ya mteja ikabaki nusu ndani nusu nje. Nikachukua mkoba wangu, nikaweka kauntabuku moja chini ya kwapa, nikatoka steshenari. Foleni ilikuwa na watu saba na hakuna aliyelalamika. Nadhani walikuwa wamesikia alichosema Mwalimu.

Alichosema ni hiki: "Kwani kuna mtu amekufa? Si atajaza mwakani."

Alikuwa anasema hivyo kuhusu binti aliyesimama mbele yake, Namnyaki, aliyeshuka kutoka Oldonyo Sambu kuja kuuliza kama jina lake limetoka chuo. Mimi nilikuwa na simu ya ofisi mkononi. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na ujumbe wa chuo wa wiki tatu nyuma, haujafunguliwa, unaomwambia Namnyaki kwamba hakuchaguliwa awamu ya kwanza na kwamba awamu ya pili imefunguliwa, aingie arekebishe chaguo zake. Awamu ya pili imeshafungwa. Mara mbili binti huyu alikuja siku ya soko kuuliza, na mara mbili Mwalimu alimjibu "majina bado" bila hata kufungua droo anamofungia simu hiyo.

"Mwakani ni zamu ya mdogo wake," nilimwambia Mwalimu. "Kwao wanasomesha mmoja mmoja."

"Hayo ni ya kwao huko. Lete simu."

Akaninyang'anya. Miaka tisa yangu ya kazi ikaishia hapo.

Glory, haya nakuandikia wewe uliyebaki pale dukani, na yeyote atakayekalia kile kiti changu chenye mguu mfupi. Mshahara na vyeo sitavigusa, vyeo vyenyewe havikuwepo. Nataka mjue kazi ile inafanywaje, na mahali nilipoiharibu mimi. Leo ni Jumanne. Dirisha la awamu ya tatu linafungwa Ijumaa, kwa hiyo nitaandika haraka na sitabembeleza maneno.

Nilianza pale Eliya akiwa na miezi minne, nimemfunga mgongoni. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyetaka kukiona mara mbili. Mwenye duka ni huyo Mwalimu. Wateja wanamwita hivyo kwa sababu ya miwani na kalamu mbili mfukoni, ila darasani hajawahi kusimama hata siku moja. Aliniuliza kama najua kompyuta. Nikasema najua. Alijua naongopa, nami nilijua kwamba anajua.

Kazi yenyewe alinifundisha Mama Anaeli, mama wa Nkoaranga aliyekuwa karani wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu, akaja kukaa na sisi kwa sababu alichoka kukaa na migomba. Siku yangu ya kwanza niliingiza cheti cha kuzaliwa cha mzee mmoja kwenye mashine ya laminesheni kikiwa bado na pini ya stepula. Mashine ikakitafuna. Mama Anaeli alizima umeme, akakaa chini na wembe na kibanio cha nyusi, akakitoa kidogo kidogo kwa saa nzima, huku Eliya analia na mzee anatuangalia.

"Binti," aliniambia alipomaliza, "mashine ikila kopi, toa kopi nyingine. Ikila cheti, imekula mtu."

Tangu hapo kila karatasi inayopita mkononi mwangu naipapasa kwanza pembeni kutafuta pini. Fanya hivyo na wewe. Usiamini macho, tumia kidole.

Mwaka mzima pale ni kopi, picha za pasipoti na barua za kuomba ruhusa ya msiba. Msimu wetu ni matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Hapo wanashuka kutoka mlima mzima, na kutoka upande wa Monduli vilevile, wakiwa na bahasha za kaki. Maombi yanajazwa mtandaoni, unafungua akaunti, unaweka namba ya mtihani, halafu unapewa nafasi za kuchagua kozi na chuo. Nafasi zenyewe ni tano. Hapo kwenye zile tano ndipo watu wanapojichimbia shimo.

Unajua utaratibu wa usharika wetu. Jumapili baada ya matokeo wahitimu wanasimamishwa mbele, mmoja mmoja anapewa kipaza sauti aseme anaenda kusomea nini, halafu wazee wanawawekea mikono. Mimi mwenyewe naimba kwaya pale, sisemi haya kwa dharau. Lakini sijawahi kusikia mtoto akisema pale mbele "naenda kusomea udaktari, na nikikosa nitasomea maabara." Kanisa lingecheka. Anasema udaktari, mama yake anapiga vigelegele, na Jumatatu anakuja kwetu na baba yake. Hapo ukimshauri aweke kozi nyingine chini yake, baba anakuuliza kama unataka mwanawe amwambie Mungu kwamba hamwamini. Kwa hiyo wanajaza udaktari chuo hiki, udaktari chuo kile, udaktari mpaka nafasi ziishe. Waislamu na Wakatoliki wanaokuja pale hawasimamishwi hivyo, na bado baba zao wana njia zao za kutangaza.

Dawa ya Mama Anaeli ilikuwa kauntabuku. Kabla mashine haijaguswa, mzazi anapewa kazi. "Baba, naomba ukae pale kwenye benchi utuangalizie foleni, watu wa hapa wanaruka." Mzazi akipewa cheo hicho hainuki tena. Kisha kalamu anapewa mtoto, wala si wewe, na anaulizwa swali moja: jina lako lisipotoka, Jumatatu unaamkia wapi?

Wengi wanacheka. Wengine wanalia. Kijana mmoja aliyesoma historia, jiografia na lugha aliniambia ataamkia uwanja wa ndege, kwa sababu anataka urubani. Nikamwambia sawa, utakuwa unamsindikiza nani?

Baada ya swali mtoto anaandika mistari mitano kwa mkono wake. Ule wa kwanza ni anachokitaka, hata kama ni juu sana, na usimkatishe tamaa, siyo kazi yako. Wa pili unaweza kuwa wa kitu hichohicho kwenye chuo kinachogombaniwa kidogo. Wa tatu na wa nne ni kazi za nyumba ileile, anazoingia kwa mlango mwingine. Wa tano ni ule ambao akipata ataenda bila kusukumwa. Asiandike takataka pale, kwa sababu ndiyo unaoweza kutoka. Mwisho anatia sahihi. Yule aliyejaza udaktari mara tano amechagua kitu kimoja tu, na kikikataa vimekataa vyote.

Kitu kingine wanachokosea ni kigezo cha chini. Wanaona kwenye mwongozo wa vyuo kwamba alama zao zinaruhusiwa, wanadhani wamepata. Ile ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Mbele yako wapo wenye alama za kutisha kutoka nchi nzima, na viti ni vichache. Waambie hivyo, taratibu, bila kuwatisha. Waambie pia kwamba vyuo vya kati vina dirisha lao lingine, wasisubiri kukosa huku ndipo waulize kule.

Yupo kijana wa hapahapa Ngaramtoni aliyeandika misitu kwenye mstari wa nne huku amenuna kama amenyang'anywa chakula. Udaktari ukamkosa, famasia ikamkosa, misitu ikampata. Alipita mwaka jana na buti za matope na kamba ya kupimia miti shingoni, akatoa kopi zake mbili na kuondoka. Hata salamu hakuacha. Nilifurahi sana.

Macho ya Mama Anaeli yalipoanza kufifia alirudi Nkoaranga. Aliniachia kauntabuku na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Usimpe baba kalamu," ndiyo kwaheri yake.

Mwalimu hakulipenda daftari lile toka mwanzo. Alivumilia kwa sababu ya Mama Anaeli. Msimu huu akasema basi. "Mama Eliya, kujaza ni dakika kumi. Wewe na maswali yako unakula nusu saa. Hii siyo ofisi ya ushauri nasaha." Akaleta utaratibu wake: akaunti zote zifunguliwe kwa namba ya simu ya ofisi, neno la siri moja kwa wote, simu ikae kwenye droo yake na ufunguo akae nao yeye. Alisema watoto wanasahau. Ni kweli wanasahau. Lakini wanasahau vya kwao. Mimi nilikubali, Glory, na wewe ulikuwepo, uliniona nikikubali. Nililipeleka daftari chini ya meza nikaendelea kimyakimya pale alipotoka.

Ndivyo nilivyompokea Namnyaki. Alikuja na baba yake, mzee wa kanisa, shuka imekunjwa vizuri begani, bahasha ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni. Binti aliinamisha kichwa kwa Mwalimu kama wanavyosalimia kwao, Mwalimu akamgusa utosini bila kuondoa macho kwenye simu.

"Shikamoo baba," nikamsalimia mzee.

"Marahaba. Huyu ni wa udaktari. Tumeshamwombea."

"Asante baba. Hebu kaa pale utuangalizie foleni."

Mwalimu alitoka kwenda kutafuta karatasi. Nikatoa daftari. Namnyaki amesoma fizikia, kemia na baiolojia, daraja la pili, siyo mbaya na siyo ya kujivunia mbele ya udaktari. Nilipomuuliza Jumatatu ataamkia wapi hakucheka wala kulia.

"Nitaamkia kwa mbuzi," alisema. "Kwetu tunasoma kwa zamu, dada. Mwaka huu ni mimi. Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Nikikosa, zamu imepita, baba hawezi wawili."

Akaandika. Udaktari, udaktari, uuguzi, maabara, ualimu wa sayansi. Kwenye maabara alikandamiza kalamu.

"Hii vipi?"

"Bibi alipougua, zahanati walichukua damu wakaipeleka mjini. Majibu yalikuja ameshazikwa. Daktari anaambiwa na maabara, dada, si ndiyo? Sasa kama hakuna wa kumwambia?"

Nikajaza kama alivyoandika, akatia sahihi. Pale nje nilimsikia baba anamuuliza, "Umeandika udaktari?" na yeye anajibu, "Nimeandika, baba." Hakuongopa. Na mimi sikutoka kumweleza mzee kilichobaki, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hilo ni kosa langu la kwanza. Ukishamaliza na mtoto, mwite mzazi umsomee mistari yote mitano, mtoto akiwepo, wakigombana wagombanie pale pale.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa kliniki na mtoto wangu mdogo. Mzee alirudi peke yake, nyumbani walikuwa wamezungumza, akamwambia Mwalimu kwamba kuna uuguzi umeingia kwa bahati mbaya. Mwalimu hakuuliza, akaingia kwenye akaunti, akabadilisha neno la siri na chaguo zote.

Alhamisi nilitoa kopi ya fomu ya Namnyaki kwa ajili ya faili. Udaktari. Udaktari. Udaktari. Udaktari. Udaktari. Nikasimama nayo.

"Mwalimu, hii ya Namnyaki imebadilika."

"Baba yake ndiye mteja."

"Aliyesoma ni yeye. Ameandika kwa mkono wake, nikuonyeshe?"

Akavua miwani. "Mama Eliya, kuna mabinti wana cheti cha kompyuta wananipigia simu kila wiki kuuliza hicho kiti chako. Piga stepula."

Nina watoto wawili. Nikapiga stepula. Dirisha lilifungwa Jumamosi, ningeweza kumtumia binti ujumbe kwa mtu yeyote anayepanda Oldonyo Sambu, na siku ile walipita wengi. Sikumtuma mtu. Nikajiambia ni mambo ya familia yao.

Basi jana ufunguo ulikuwa umesahaulika kwenye kitasa cha droo, Namnyaki amesimama mbele yangu akiuliza kwa mara ya tatu, nikafungua nikatoa simu. Mengine nimeshaeleza.

Tulipotoka dukani mimi na Namnyaki tulikaa nyuma ya soko, karibu na wanaouza maharage. Nilimnunulia chai. Nilijaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa simu yangu, neno la siri likakataa. Nikaomba jipya. Mfumo ukajibu kwamba umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa. Yaani kwenye droo ya Mwalimu.

Namnyaki alikuwa anafungua kauntabuku, akafika ukurasa wake. Kopi ya ile fomu ya mara tano ilikuwa ndani, nilikuwa nimetoa ya pili nikaihifadhi hapo.

"Dada, hii ilijulikana lini?"

"Alhamisi. Kabla dirisha la kwanza halijafungwa."

"Uliona?"

"Niliona."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Kisha akasema, "Baba anasema Mungu amekataa. Anasema mdogo wangu ajiandae."

"Mungu hajaulizwa," nilimwambia. "Ameulizwa Mwalimu."

Leo asubuhi alimleta baba yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na yule mzee, nilikuwa hata nimepanga maneno. Nikampa daftari tu. Alisoma mistari ile mitano kwa kidole, polepole, tukiwa tumesimama nje ya ofisi ya kata.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo baba."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Hiki sikuonyeshwa." Akanitazama mimi, nikatazama chini, kwa sababu ni kweli. Akarudia mstari wa nne. "Maabara wanavaa koti jeupe?"

"Wanavaa, baba."

"Basi kanisani walisikia nusu. Nitawamalizia Jumapili." Akakunja shuka vizuri. "Twende ndani."

Mtendaji wa kata ni mama wa makamo, ana baridi ya asubuhi usoni. Alisoma barua yangu ya malalamiko, niliyoimalizia pale mlangoni, mara mbili, ya pili akiwa na kalamu.

"Huyu mlalamikiwa wa kwanza namjua. Wa pili ni nani?"

"Ni mimi."

"Huwezi kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa kwenye barua moja, mama. Futa hapo, nikupigie muhuri."

"Sifuti."

"Unajiharibia. Kesho utaomba kazi wapi na barua ya namna hii?"

Mzee akasema, "Mwache aandike." Mtendaji alituangalia wote watatu, akafungua wino, akapiga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili. Kisha akamwita mgambo aliyekuwa anaota jua mlangoni, akamwelekeza lilipo duka. Mgambo ameondoka. Mimi nimekaa kwenye benchi la kata na Namnyaki na baba yake, ndipo ninapoandikia haya, na nakala yangu ya barua ninaibandika hapa chini ili muone inavyoandikwa, msije mkaogopa siku yenu ikifika.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA HUDUMA YA KUJAZA MAOMBI YA CHUO

Mheshimiwa Mtendaji, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kata hii na nilikuwa mfanyakazi wa steshenari inayolalamikiwa kwa miaka tisa, hadi jana. Nalalamika kwamba chaguo za chuo za binti Namnyaki, alizoziandika na kuzitia sahihi kwa mkono wake, zilibadilishwa bila yeye kujua, zikawa kozi moja mara tano. Ukurasa wa kauntabuku na kopi ya fomu iliyobadilishwa vimeambatishwa. Nalalamika pia kwamba ujumbe wake kutoka chuo ulifungiwa kwenye droo, ndani ya simu ya ofisi, hadi awamu ya pili ikapita, na kwamba ndani ya simu hiyo upo ujumbe wa vijana wengine ambao majina yao nimeyaorodhesha kwa kadiri ninavyokumbuka.

Naomba simu hiyo iletwe ofisini kwako leo, kila kijana asomewe ujumbe wake na apewe neno lake la siri, kabla dirisha halijafungwa siku ya Ijumaa. Naomba pia ifahamike kwamba Namnyaki anaomba maabara. Baba yake yupo hapa na amekubali.

Mlalamikiwa wa kwanza ni mwenye duka, kwa kubadilisha chaguo na kuzuia ujumbe.

Mlalamikiwa wa pili ni mimi niliyeandika barua hii. Niliona Alhamisi, nikapiga stepula. Dirisha lilifungwa Jumamosi. Siku mbili zilitosha.